Kabla ya Kubadili Mtutu

Bunduki ya kuwindia ikianza kutawanya risasi, wa kwanza kulaumiwa huwa ni mtutu. Mwenyewe atasema chuma chake ni hafifu, au kiwanda kilimuuzia mali ya daraja la pili, na papo hapo ataanza kupiga hesabu ya mtutu mpya, darubini ya bei mbaya au kaliba nene zaidi. Makala haya yanashikilia kinyume chake. Bunduki nyingi za kiwandani zina usahihi wa kumtosha mwindaji tangu siku zinapotolewa kwenye sanduku, ila usahihi huo umezibwa na mambo madogo yasiyogharimu fedha nyingi kuyaondoa, na lililo kubwa kuliko yote halimo hata ndani ya bunduki yenyewe. Anayeanza na mtutu ameanza mwisho wa foleni.

Ushahidi wa kwanza tunao hapa hapa mashariki mwa Uganda. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mbale ikiwa bado kituo kichanga kilichokua chini ya jemadari wa Kiganda Semei Kakungulu, wafanyabiashara wa Kiswahili walikuwa wakipanda kaskazini kufuata pembe za ndovu hadi kambi yao ya Manimani, Karamoja. Miongoni mwa waliofuata njia hizo, wakitokea Mumias na kuuzunguka Mlima Elgon, alikuwamo Mskoti Walter Bell, aliyezaliwa 1880 na ambaye baadaye alijulikana kama Karamojo Bell. Aliua tembo zaidi ya 1,000, na sehemu kubwa aliwaua kwa bunduki ya milimita 7 ya mtambo wa Mauser, iliyouzwa na kampuni ya bunduki ya Rigby ya London. Kichwa cha risasi yake kilikuwa na gramu 11 na kidogo. Wenzake siku hizo walibeba bunduki nzito za mitutu miwili zenye vichwa vya gramu 30 na zaidi. Mauaji yale si ya kujivunia, na Karamoja iliyokuwa nchi ya tembo sasa inabidi mtu afike hifadhi ya Kidepo ndipo awaone. Lakini kwa upande wa ufundi, kisa cha Bell kinasema jambo moja waziwazi. Alilipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi kwa kila pembe ya kutazama. Alijizoeza kulenga na kufyatua bila risasi, siku nenda siku rudi, akiwa safarini. Na katika risasi alizotumia, alizisifu zile za Kijerumani za milimita 7 kwa sababu hazikumwangusha, wakati aina nyingine zilimpa wasiwasi. Kujua pa kulenga, mkono uliozoea, na risasi zinazofanana: hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji kubadili mtutu.

Mtu anaweza kupinga kwamba Bell alikuwa mtu wa pekee, na kwamba alinyatia hadi karibu sana kabla ya kupiga. Ni kweli. Kisa chake hakimpi mtu wa kawaida ruhusa ya kumfuata nyati na bunduki nyembamba, na sheria za leo hazitaki mzaha wa aina hiyo: Tanzania, kwa mfano, huwadai wawindaji wa wanyama hatari kaliba isiyopungua .375. Anachothibitisha Bell ni kitu chembamba zaidi, nacho chatosha kwa hoja hii. Bunduki ya kawaida, yenye mtambo uliotengenezwa kwa maelfu viwandani, haikuwa ndiyo kizuizi chake.

Hesabu yenyewe inaonyesha kwa nini. Tuseme bunduki, ikifungwa imara kwenye meza, hutoboa matundu yaliyoenea sentimita 5 kwa umbali wa mita 100. Tuseme pia mpigaji mwenyewe, kwa mtikisiko wa mkono, pumzi na kushtuka, angeeneza matundu sentimita 12 hata kama angepewa bunduki isiyokosea kabisa. Makosa haya mawili hayajumlishwi moja kwa moja, kwa sababu mara nyingine moja huvuta kushoto na jingine kulia. Hujumlishwa kwa mraba: 5 mara 5 ni 25, 12 mara 12 ni 144, jumla 169, na kipeuo chake ni 13. Sasa mwenye bunduki huyu atumie fedha nyingi, alipunguze kosa la bunduki kwa nusu, liwe sentimita 2.5. Jumla inashuka kutoka 13 hadi kama 12.3, yaani ameokoa upana usiofika sentimita moja. Akiiacha bunduki ilivyo na kulipunguza kosa lake mwenyewe kwa nusu, hadi 6, jumla inakuwa sentimita 7.8. Taya wa hifadhi ya Pian Upe, swala mdogo wa kilo 15 hivi, ana moyo na mapafu yaliyokaa katika eneo lisilozidi sana upana wa kiganja. Kundi la matundu la sentimita 13 linamkosa au linamjeruhi. Lile la 7.8 linamwangusha. Kwa hiyo kosa lililo kubwa ndilo la kushughulikiwa kwanza, kwa sababu mraba hulikuza kubwa na kulimeza dogo.

Ili ujue kosa lipi ni kubwa, lazima upime, na hapa ndipo wengi wanapojidanganya bila kujua. Mtu hupiga risasi tatu, matundu yakabanana, akakata karatasi na kuiweka mfukoni kama cheti. Risasi tatu ni ushahidi mdogo mno. Bunduki ile ile, bila kubadilishwa chochote, ikipigwa risasi 10 kwenye karatasi moja, upana wa matundu kwa wastani huzidi mara moja na nusu ya ule wa risasi tatu, kwa sababu tu kadiri unavyopiga ndivyo zile zinazokwenda pembeni zinavyopata nafasi ya kujitokeza. Ndiyo maana mtu hukaza skrubu moja, akapiga tatu, akaona nafuu. Kesho akapiga tatu nyingine na nafuu imeyeyuka, wakati kilichobadilika ni bahati. Jambo la pili ni joto. Mtutu mwembamba wa bunduki ya kuwindia huanza kujipinda kidogo ukipata moto, na kwenye jua la mchana risasi ya nne na ya tano zaweza kuondoka mahali pake. Mwindaji lakini hapigi risasi tano. Anapiga moja, mtutu ukiwa baridi. Kipimo cha kweli kwake ni risasi ya kwanza ya kila siku, ikipigwa kwenye karatasi moja inayohifadhiwa na kurudiwa siku baada ya siku. Karatasi hiyo haivutii macho kama ile ya matundu matatu, lakini ndiyo inayosema ukweli kuhusu kile kitakachotokea porini.

Baada ya kupima, mahali pa kwanza pa kutazama ni pale chuma kinapokutana na mbao. Risasi inapolipuka, mtutu hutetemeka kama waya uliopigwa, na risasi hutoka kabla mtetemo haujatulia. Mtetemo ukiwa ule ule kila mara, si neno; risasi zitakwenda pamoja. Ubaya ni pale kitako cha mbao kinapougusa mtutu leo upande huu na kesho upande ule, maana kila mguso hubadili mtetemo. Na mbao ni kitu kinachokunywa maji. Bunduki inayokaa Mafubira, pembezoni mwa Jinja, iko karibu na ziwa na Mto Nile, hewa ina unyevu na mbao huvimba. Ipakie kwenye gari, pita Iganga na Tirinyi hadi Mbale, kisha ushuke kaskazini kwenye tambarare kavu za Pian Upe. Baada ya siku kadhaa mbao ile itakuwa imenywea, bolti zilizokazwa Jinja zimelegea bila mtu kuzigusa. Mtutu haujabadilika hata unywele. Kipimo cha tatizo hili hakihitaji mashine: hakikisha kwanza kwamba bunduki haina risasi, chemba na magazini zote, kisha chukua noti ya shilingi elfu moja, ipitishe chini ya mtutu kati ya chuma na mbao, uivute polepole kuelekea chemba. Ikipita bila kukwama hadi karibu na mtambo, mtutu uko huru. Ikikwama, pale ilipokwama panahitaji kukwanguliwa kwa msasa na kupakwa mafuta au vanishi ili mbao isinywe tena. Zipo bunduki chache ambazo kiwanda kilikusudia ncha ya kitako iubane mtutu kwa makusudi, kwa hiyo soma kijitabu chake kabla ya kukwangua. Kisha kaza bolti mbili zinazoshikilia mtambo, kwa nguvu aliyoitaja mtengenezaji na kwa spana inayopima, si kwa hasira. Hatua inayofuata, ya kumwaga gundi ya epoksi ili jino la chuma linalopokea teke la bunduki likae kwenye kiti chake bila kucheza, ni ya fundi. Gharama yake haikaribii ya mtutu mpya, na katika bunduki za kiwandani ni mojawapo ya marekebisho yanayolipa zaidi.

Darubini haistahili maneno mengi. Vipande vinavyoishikilia vimefungwa kwa skrubu ndogo, na barabara ya murami huzilegeza. Bunduki iliyokuwa ikipiga vizuri mwezi uliopita na leo inatawanya ovyo, mara nyingi dawa yake ni bisibisi na tone la gundi ya kuzuia skrubu kulegea. Inashangaza ni darubini ngapi ghali zinazokaa juu ya skrubu ambazo hakuna aliyewahi kuzikagua.

Risasi ndizo zinazohitaji subira. Kila mtutu, hata kutoka kiwanda kimoja siku moja, una risasi unazozipenda na unazozikataa, na hakuna anayeweza kukuambia ni zipi kwa kuutazama. Kiini chake kiko kwenye mifuo iliyo ndani ya mtutu, inayoizungusha risasi ili isipinduke hewani. Mtutu unaozungusha haraka hupenda vichwa virefu na vizito, unaozungusha taratibu hupenda vyepesi. Bunduki ya milimita 7 ya Mauser ilitengenezwa tangu miaka ya 1890 kwa vichwa vizito vya gramu 11, na mifuo yake inazungusha haraka kwa ajili hiyo. Mtu anayeilisha vichwa vyepesi kisha akalalamika amejiletea mwenyewe. Baada ya uzito kuna mwendo. Risasi zikitoka kwa mwendo wa mita 800 kwa sekunde, na moja kati yake ikawa na upungufu wa mita 30, kwa umbali wa mita 100 tofauti ya kushuka haifiki sentimita moja. Kwa mita 200 inakuwa karibu sentimita 3. Kwa hiyo anayepiga karibu hana haja ya kukosa usingizi kuhusu jambo hili, anayepiga mbali anayo. Hali ya hewa nayo ina neno lake: baruti hulipuka kwa nguvu zaidi ikipata joto. Watengenezaji wa Kiingereza wa enzi za baruti ya kordaiti walilijua hilo vizuri, wakawa wanauza risasi za pekee za nchi za joto, zenye baruti iliyopunguzwa, kwa sababu zile zilizofaa baridi ya Scotland ziliweza kukwamisha bunduki Afrika. Baruti za leo zimetulia zaidi, ila boksi la risasi lililoachwa kwenye dashibodi ya gari kutwa nzima halitapiga sawa na lililokaa kivulini.

Hapa mtu wa Jinja ana haki ya kuuliza: hayo ya kujaribu aina kadhaa za risasi yanawezekana Marekani, ambako duka lina rafu nzima, kwetu risasi hununuliwa kwa kibali, aina ni chache na bei ni kali. Pingamizi hili lina uzito, ila linaigeuza hoja tu, haliivunji. Kama risasi ni chache, basi zitangulie wakati wa kuchagua bunduki: nunua kaliba ambayo risasi zake zinapatikana kwa uhakika, si ile iliyosifiwa kwenye jarida. Na ukipata aina inayokubaliana na mtutu wako, nunua maboksi yenye namba moja ya toleo kwa kadiri kibali kinavyoruhusu, kwa maana toleo jingine la jina lile lile linaweza kupiga mahali tofauti. Wengi hujaza mkoba mabaki ya maboksi matatu, kisha wakamlaumu fundi.

Mtutu wenyewe, kabla ya kuhukumiwa, usafishwe. Shaba ya vichwa vya risasi hujisugua ndani na kujenga utando, na bunduki ambayo haijaondolewa utando huo kwa miaka mingi huweza kutawanya hata kama chuma chake ni kizima. Tena wenye bunduki kuukuu na risasi kuukuu wawe macho: viwashio vya zamani viliacha chumvi ndani ya mtutu, chumvi ikavuta unyevu, na kutu ikaanza usiku ule ule. Dawa yake ni maji ya moto kwanza, mafuta baadaye; mafuta peke yake hayaondoi chumvi. Lakini kusafisha nako kuna madhara yake kukifanywa vibaya. Fimbo ya chuma ikiingizwa kutoka mdomoni hula ukingo wa mdomo wa mtutu kidogo kidogo, na hapo ndipo mahali pa mwisho pa risasi kuguswa na bunduki. Ukingo ukilika upande mmoja, gesi hutoka mapema upande huo na kuisukuma risasi mkia. Fimbo ipite nyuma, upande wa chemba, pale bunduki inaporuhusu, na mdomo usitazamishwe chini kwenye sakafu ya gari yenye changarawe. Ukingo uliokwisha kuharibika fundi huukata upya kwenye mashine ya kereza, kazi ndogo ambayo imeziokoa bunduki nyingi zilizokuwa zimekatiwa tamaa.

Kifyatulio kinakaa katikati ya bunduki na mtu. Viwanda kwa kuogopa kesi vilizoea kukiweka kizito, kilo 3 hivi, na bunduki yenyewe ina uzito unaokaribia kilo 4; mtu anayevuta kwa nguvu hiyo lazima aisukume pembeni. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, kampuni ya Savage ya Marekani ilipotoa kifyatulio ambacho mnunuzi anaweza kukirekebisha mwenyewe kwa usalama, washindani wake nao wamelazimika kulainisha vyao. Kwa uwindaji, kilo moja na nusu yatosha. Kwa bunduki za zamani kazi hii isifanywe nyumbani hata kidogo: kifyatulio kilichosuguliwa kupita kiasi hufyatuka bunduki ikianguka. Chini ya Sheria ya Silaha ya mwaka 1970, kumiliki na kutengeneza silaha Uganda ni mambo ya watu wenye leseni, na katika hili sheria na akili ya kawaida zinasema mamoja.

Je, mitutu mibovu haipo? Ipo. Ila imekuwa adimu. Ufundi wa kuufua mtutu ukiwa baridi juu ya kalibu ya chuma kigumu, uliokuzwa Ujerumani kwa mahitaji ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ulifanya mitutu izalishwe kwa wingi ikifanana, na leo bunduki za bei ya kati huuzwa na dhamana ya kundi la sentimita 3 kwa mita 100, jambo ambalo babu zetu wangelilipia fundi wa London fedha nyingi. Anayeushuku mtutu wake baada ya kufanya yote haya, yaani mbao iko huru, bolti na skrubu zimekazwa, mtutu umesafishwa, mdomo ni mzima, aina kadhaa za risasi zimejaribiwa, na mpigaji mwingine hodari amepata matokeo yale yale, huyo ana haki ya kushuku. Aurudishe kwa muuzaji.

Lipo pingamizi la upande wa pili kabisa, nalo husemwa na wazee wa porini: wanyama wetu hupigwa mita 80 au 100, kichakani, kwa nini kuhangaika na sentimita? Jibu ni kwamba porini hakuna meza wala mifuko ya mchanga. Mpigaji ameegemea fimbo za miguu mitatu, amekimbia, moyo unamdunda, na kongoni hasimami kumsubiri. Kosa lake mwenyewe tayari limepanda maradufu, na bunduki ikiongeza lake, ukingo wa usalama unakwisha. Katika uwindaji wa leseni mnyama aliyetoka damu akapotea huhesabiwa na kulipiwa sawa na aliyeanguka, achilia mbali mateso yake. Wengine huhofia kwamba maarifa haya yatawafaa majangili. Jangili wa mbuga za Uganda kwa sehemu kubwa anatumia mitego ya waya na ya chuma, vyombo visivyolenga kitu. Mwenye kuhitaji kulenga ni yule mwenye leseni.

Mazoezi ya kulipunguza kosa la mpigaji hayahitaji risasi za bei kubwa. Kufyatua bila risasi kwenye chumba salama, bunduki ikiwa imekaguliwa mara mbili na risasi zimefungiwa chumba kingine, humfundisha mtu kuvuta kifyatulio bila kushtuka, na bunduki ya .22 hufundisha yaliyobaki kwa gharama ndogo. Kambi za uwindaji nazo zina desturi yao: kabla mgeni hajapelekwa porini, huwekewa karatasi na kuombwa apige. Huelezwa kwa adabu kwamba ni kuangalia kama darubini imeathirika safarini, na kweli wakati mwingine imeathirika. Lakini mwindaji mwenyeji anayesimama nyuma yake haitazami karatasi peke yake. Anatazama kope la mgeni kama linafumba kabla ya mlio, na bega kama linakimbia, kisha anaamua jioni ile watanyatia hadi mita ngapi.